Historia ya Ufa: Vile Kauri Ilijifunza Kuishi na Moto

Juzi jioni jiko la mathe lilipasuka. Uji ulifurika wakati makaa yamekolea, ukateremka kwa ule udongo wa ndani, tukasikia ta! Nilipoinama nikaona ufa kutoka mdomoni mwa jiko hadi karibu na chini. Mimi tayari nilikuwa nahesabu pesa za kununua lingine. Mathe akaliangalia sekunde mbili, akasema, "Wacha kelele, hilo litapika miezi sita mingine," akarudisha sufuria. Na ukweli ni kwamba linapika mpaka leo.

Hiyo sentensi ya mathe ndiyo stori yangu ya leo. Nilianza kutafuta tu mbona udongo unavumilia moto lakini unapasuka kwa tone la maji, bando ikaisha, nikanunua nyingine, na kufikia saa nane usiku nilikuwa ndani ya injini ya ndege. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo msinipigie saluti za injinia. Lakini historia haihitaji digrii, inahitaji mtu wa kuuliza "halafu?" bila kuchoka.

Tuanze na shida yenyewe.

Injini ya ndege inapenda joto. Kadiri gesi inavyokuwa moto zaidi ikiingia kwenye turbaini, ndivyo unavyopata kazi zaidi kutoka kwa mafuta yale yale. Kinachozuia ni chuma. Pale ndani hutumika aloi za nikeli, na nikeli yenyewe huyeyuka ikifika digrii 1455 za Selsiasi. Gesi ya injini za kisasa inapita digrii 1500. Umeona? Hizo pangaboi ndogo za turbaini zinaishi ndani ya moto unaoweza kuziyeyusha. Zinaokolewa na hewa baridi inayopitishwa kwa vitundu vidogo ndani yake, pamoja na rangi maalum ya kuzuia joto. Lakini hiyo hewa si ya bure. Injini imeshatumia nguvu kuivuta na kuikandamiza, halafu badala ya kusukuma ndege, inaenda kupuliza chuma kisiive.

Sasa kuna kitu kinaitwa silikoni kabidi. Unakijua, hata kama hulijui jina. Ule msasa mweusi mafundi wa kunyoosha magari wanautumia na maji, ni chembe za hiyo. Ni aina ya kauri. Haiyeyuki kirahisi, inabaki ngumu mahali nikeli ingekuwa imelegea kama chapati, na uzito wake haufiki nusu ya uzito wa aloi za nikeli. Kwa hivyo swali la kila mtu mwenye akili: kwani mbona tusitengeneze injini na hiyo?

Jibu ni sauti ya jiko la mathe. Ta!

Mzungu na vioo

Mwaka 1921 injinia mmoja Muingereza anaitwa A. A. Griffith, aliyekuwa Farnborough kwenye kituo cha utafiti wa ndege cha serikali, alichapisha kazi kuhusu vioo. Alikuwa anavuta kioo moto kuwa uzi, halafu anapima uzi unabeba mzigo gani kabla ya kukatika. Akapata kitu cha ajabu. Uzi ulipozidi kuwa mwembamba, ndivyo ulivyozidi kuwa na nguvu kwa kila sehemu ya unene wake. Uzi mwembamba kabisa ulikuwa na nguvu karibu mara 20 kuliko kipande kinene cha kioo kile kile.

Maelezo yake ni haya: kioo kinene si dhaifu kwa asili. Kimejaa nyufa ndogo ambazo jicho halizioni. Ukikivuta, mzigo wote unajazana kwenye ncha ya ufa mmoja, ufa unafunguka, na hakuna kitu cha kuusimamisha. Chuma kina namna ya kujikunja, ncha ya ufa inalainika na ufa unachoka. Kioo na kauri hazijui kujikunja. Ufa ukianza safari, unafika mwisho. Uzi mwembamba una nafasi ndogo ya kuficha ufa mkubwa, ndiyo maana unashinda.

Kama injini ingeweza kutengenezwa kwa nyuzi, stori ingeishia hapo. Lakini watu hawakusikia hivyo. Walisikia: tutengeneze kauri isiyo na ufa.

Wakajaribu kwa miaka. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili Wajerumani, waliokuwa wamebanwa kwa nikeli, walijaribu pangaboi za kauri. Mwaka 1971 idara ya utafiti ya jeshi la Marekani ikafadhili Ford na Westinghouse kutengeneza turbaini za kauri tupu. Walijifunza mengi, na baadhi ya vipande vilifanya kazi. Lakini kauri tupu ina tabia ya matatu ya usiku: unaweza kupanda kumi ukafika salama, ya kumi na moja ikakuacha Mlolongo. Vipande viwili kutoka tanuri moja, mchanganyiko mmoja, kimoja kinavumilia na kingine kinalipuka, kwa sababu tu chembe moja ya uchafu ilijificha mahali pabaya. Hakuna mtu atakayekupandisha ndege ya aina hiyo.

Fito

Hapa ndipo napenda kuwakumbusha nyumba ya udongo ya ushago. Fundi hasimamishi udongo mtupu. Anachomeka nguzo, anafunga fito, halafu anakandika. Udongo ukikauka unapata nyufa kila mahali, na hakuna anayekimbia. Ufa unafika kwa fito, unakwama. Ukuta una nyufa mia na bado umesimama, watoto wanauegemea.

Wazo la kauri yenye nyuzi ni hilo hilo. Lakini utapata wapi fito zisizoungua kwenye digrii elfu na mia mbili? Uzi wa kioo unalainika. Uzi wa kaboni ni mkali sana, lakini kwenye hewa unaanza kuungua hata kabla ya digrii 500. Kwa hivyo ilibidi uzi wenyewe uwe kauri.

Mwaka 1975 mwanakemia Mjapani, Seishi Yajima wa Chuo Kikuu cha Tohoku, alitangaza amepata njia. Na njia yake ni ya kijanja. Huwezi kuvuta silikoni kabidi kuwa uzi kwa sababu haiyeyuki vizuri. Yajima akaanza na polima, kitu cha jamii ya plastiki, ambacho ndani yake kina silikoni na kaboni tayari. Plastiki inayeyuka, inavutika kuwa uzi mwembamba kuliko unywele wako mara kadhaa. Akaikausha kwa hewa moto ili isishikane, halafu akaichoma zaidi ya digrii elfu moja. Vingine vingi vikatoka kama gesi. Kilichobaki ni uzi wa kauri unaoweza kuukunja na hata kuufuma kama kitambaa. Kampuni ya Nippon Carbon ikaanza kuuza uzi huo miaka ya mwanzo ya 1980 kwa jina Nicalon.

Fito zikapatikana. Kazi imekwisha, sindio?

Zii.

Udhaifu uliookoa kila kitu

Hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike. Ukichukua nyuzi za kauri ukazizamisha ndani ya kauri, zikashikana vizuri kabisa, unapata nini? Unapata kauri tupu tena. Ufa unakuja, unakuta uzi umegandana na jirani yake kama kitu kimoja, unapita katikati bila hata kubisha hodi. Ta!

Mwaka 1982 huko Connecticut, watafiti wa United Technologies, Karl Prewo na John Brennan, walionyesha mchanganyiko wa nyuzi za Nicalon ndani ya kioo-kauri ambao ulikuwa mgumu kuvunja kwa namna ambayo watu hawakuzoea. Walipochungulia kwa hadubini za elektroni, kati ya uzi na kauri kulikuwa na utando mwembamba wa kaboni. Haukuwekwa na mtu. Ulijitengeneza wenyewe wakati wa kuchoma. Na kaboni ile ni teke, ni kama risasi ya penseli, inateleza.

Ufa ukifika pale, badala ya kukata uzi, unageuka kando na kufuata ule utando dhaifu. Uzi unabaki mzima, umeshikilia pande mbili za ufa kama daraja. Ukiongeza mzigo, ufa mwingine unaanza mahali pengine, nao unakwama. Mwisho nyuzi zenyewe zinaanza kukatika na kuchomoka moja moja, zikikwaruzana njiani, na kila kukwaruzana kunakula nguvu ya mzigo. Badala ya kuvunjika ghafla, kitu kinalalamika kwanza. Kinakupa muda.

Fikiria hapo kidogo. Walikuwa wamekimbiza ugumu kwa miaka mingi, na kitu kilichowaokoa ni mahali palipolegea. Wafaransa waliokuwa Bordeaux, kampuni ya roketi SEP pamoja na watu wa chuo kikuu cha pale, walichukua somo hilo wakalifanya ufundi. Walikuwa wanafuma nyuzi kwanza, halafu wanaingiza gesi moto inayojenga kauri polepole ndani ya kitambaa, tabaka kwa tabaka, na ule utando wa kaboni wanauweka makusudi. Miaka ya 1990 vipande vyao vya nje ya mkia wa injini vilikuwa vinaruka kwenye ndege ya kivita ya Rafale.

Moto unaingia kwa mlango wa ufa

Lakini mkumbuke nilisema kaboni inaungua kabla ya digrii 500. Kauri hii imekubali kupata nyufa. Na ufa ni mlango. Hewa inaingia, inafika kwa ule utando, inauchoma taratibu. Mahali utando ulikuwa, panajaa silika, ambayo ni kioo, na hicho kioo kinagundi uzi na kauri pamoja. Tumerudi pale pale: kila kitu kimeshikana, ufa unapita moja kwa moja. Kitu kilichokuwa kikilalamika kabla ya kuvunjika sasa kinavunjika kimya.

Cha kushangaza, mara nyingi joto la katikati ndilo baya zaidi, pale karibu na digrii 700 au 800. Ukienda juu sana, silika inatengenezwa haraka na kuziba mdomo wa ufa kabla hewa haijafika mbali. Pale katikati, hewa ina muda wa kutosha kufanya uharibifu wake.

Dawa ilikuwa kubadilisha utando. Wakaweka boroni naitraidi, ambayo pia inateleza, lakini inavumilia hewa kuliko kaboni, na ikiungua inatoa kioo laini kinachosaidia kuziba ufa. Na nyuzi nazo zikaboreshwa. Nicalon ya kwanza ilikuwa na oksijeni ndani yake, kumbukumbu ya kule kukaushwa kwa hewa, na ikipita kama digrii 1200 ilianza kutoa gesi na kuoza kutoka ndani. Kizazi kilichofuata kilikaushwa kwa miale ya elektroni, bila hewa, na uzi ukatulia.

Halafu likaja la maji.

Silikoni kabidi ikiwa kwenye hewa moto inajivika ngozi nyembamba ya silika, na ngozi hiyo inailinda. Kwenye maabara, fiti kabisa. Lakini mafuta yakiungua yanatoa mvuke wa maji. Ndani ya injini mvuke huo una joto kali, mgandamizo na kasi, na unageuza silika kuwa gesi inayopeperushwa. Ngozi inatolewa, kauri inajivika nyingine, inatolewa tena. Kipande kinakonda kila saa. NASA walilifuatilia jambo hili sana miaka ya 1990. Mwaka 1997 kampuni ya Solar Turbines iliweka kuta za chumba cha moto za kauri yenye nyuzi kwenye injini ya kuzalisha stima huko California. Zisizopakwa kitu zilifika takriban saa 5,000 zikawa zimeliwa vibaya. Baadaye wakapaka ngozi maalum ya kuzuia mvuke, na kuta zikapita saa 10,000.

Jiko la mathe pia lilipasuliwa na maji juu ya moto. Njia ni tofauti, lakini nilicheka.

2016

Mwaka 2016 injini ya LEAP, ya ushirika wa General Electric na Safran ya Ufaransa, ilianza kubeba abiria kwenye Airbus A320neo, na mwaka uliofuata kwenye Boeing 737 MAX. Ndani yake, kuzunguka pangaboi za turbaini, kuna pete ya vipande vya kauri yenye nyuzi. Vinavumilia karibu digrii 1300 na vinahitaji hewa kidogo ya kupozwa. Hapo ndipo kauri hii ilipoingia kwenye sehemu moto ya injini za abiria. Mwaka 2020 injini kubwa ya GE9X ikapata cheti Marekani, nayo ina kauri hiyo hadi kwenye kuta za chumba cha moto.

Piga hesabu. Kutoka uzi wa Yajima hadi abiria wa kwanza ni miaka 41. Hakuna mwaka hata mmoja wa "ghafla". Kila walipofunga mlango mmoja, moto ulitafuta mwingine: ufa, hewa, mvuke. Na kila hatua ilianza na mtu kukubali kusema kwa sauti: hapa imeharibika, njooni tuone.

Wakati hakuna aliyetaka kuona

Kuna kitu nimekiruka makusudi, kwa sababu hakikai vizuri katikati ya hadithi ya ushindi.

Vyombo vya angani vya Marekani vilivyokuwa vikirudi duniani kama ndege vilikuwa na kingo za mabawa za nyuzi za kaboni ndani ya kaboni, zimevikwa ngozi ya silikoni kabidi. Ni binamu wa kauri tunayoongelea. Kila bawa lilikuwa na paneli 22, zilizotengenezwa kuvumilia zaidi ya digrii 1600 wakati chombo kinaingia kwenye hewa ya dunia. Kwa moto, zilikuwa hatari.

Tarehe 16 Januari 2003, Columbia ikipaa, kipande cha povu la kuzuia joto kilibanduka kwenye tangi na kugonga bawa la kushoto. Video ilionyesha. Wahandisi waliomba picha za satelaiti ili bawa likaguliwe chombo kikiwa bado juu. Maombi hayo hayakufika popote. Wakubwa hawakuamini kwamba povu, kitu chepesi vile, linaweza kuvunja kingo zile. Chombo kilikaa juu siku 16. Tarehe 1 Februari kikaanza kurudi, gesi moto ikaingia kwa bawa, na Columbia ikasambaratika juu ya Texas. Watu saba walikufa.

Julai mwaka huo wachunguzi walirusha kipande cha povu chenye uzito wa gramu 760 hivi, kwa kasi ya karibu kilomita 850 kwa saa, kwenye paneli halisi. Likatoboka shimo la kama sentimita 40. Waliokuwa wanatazama walishtuka kwa sauti.

Hiki ndicho kinaniuma. Material yenyewe ilikuwa imeundwa na watu waliojua kwamba kila kitu hupata ufa. Ofisi iliyokuwa ikiisimamia ilikuwa imesahau. Walikuwa na paneli inayojua kuvumilia nyufa ndogo, na kikao kisichovumilia hata swali dogo. Kauri tupu. Ikasimama imara, imara, imara, halafu ta!

Kwa hivyo ukiona mtu mtandaoni anajigamba ati havunjiki, au kampuni, au serikali, au chama, muulize tu: ufa ukitokea, nani anaruhusiwa kuusema? Kama hakuna, usipande.

Jana nilikuta mathe amefunga waya kuzunguka lile jiko, mizunguko mitatu, ameikaza kwa koleo. Nikamuuliza mbona, si alisema litapika tu. Akasema, "Litapika. Lakini nimeuona ufa." Akaongeza makaa.